Dar hadi Naivasha kwa cc 150: kupanga safari ya kwenda Safari Rally

Kutoka Dar es Salaam hadi Naivasha, Kenya, yanakofanyika mashindano ya magari ya Safari Rally, ni kama kilomita 1,000. Makosa ya kwanza hufanyika mezani, kabla pikipiki haijawashwa: mtu anagawa 1,000 kwa mwendo wa 80, anapata saa kumi na mbili na nusu, anasema siku mbili zinamtosha. Hazimtoshi. Pikipiki ya cc 150 iliyobeba mzigo, ukijumlisha sheli, matuta, rasta (vituta vidogo vya mfululizo), vijiji vya mwendo wa 50 na trafiki wenye tochi za kupima mwendo, inakupa wastani wa kilomita 45 hadi 50 kwa saa. Mwanga wa jua unao saa kumi na mbili. Toa saa tatu za kula, kunyoosha mgongo na dharura, zinabaki tisa. Kwa hiyo siku yako ni kilomita 400, ukijikaza 450.

Usiku usiuweke kwenye hesabu kabisa. Taa ya pikipiki hizi inamulika umbali mfupi kuliko ule unaouhitaji kusimama ukiwa kwenye 70, na kati ya Longido na Namanga mifugo inalala karibu na lami kwa sababu lami inatunza joto.

Panga kwa kurudi nyuma kutoka siku ya mashindano. Hatua kubwa za Safari Rally, yaani vipande vya njia ambako magari hushindana kwa muda, hukimbiwa Ijumaa hadi Jumapili, kwa hiyo Jumatano jioni uwe Naivasha, umeoga, umelala. Hapo unaondoka Dar Jumatatu. Unaanza kurudi Jumatatu inayofuata na kufika Jumatano. Ofisini omba siku nane za kazi, siyo tano.

Mwezi nao una neno. Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ilifanyika Juni hadi 2023. Mwaka 2024 na 2025 ikawa Machi. Juni ni baridi na vumbi. Machi ni vumbi asubuhi na tope jioni, maana masika yanabisha hodi. Ushauri wangu wote hapa ni wa Machi.

Siku tatu za njia

Jumatatu: Dar hadi Same, kama kilomita 450. Usipite Kibaha na Chalinze. Malori yote ya Morogoro, Zambia na Kongo yako huko. Pita Bunju na Bagamoyo, shika barabara ya Msata, kilomita 64 za lami tulivu, utokee barabara kuu ya Segera ukiwa umeshayaacha malori. Mabasi ya Arusha yanaondoka Dar alfajiri na yatakupita tu. Linaloua siyo basi linalokupita, ni lile linalokuja mbele yako likiwa linaovateki lori, kwa sababu dereva wake anategemea wewe ndiye utakayetoka. Basi toka. Kaa upande wa kushoto wa njia yako, na kila unapoona lori likija na kitu kinachungulia nyuma yake, shuka gia moja na utafute pa kutokea kando ya lami kabla hujalazimika. Kuanzia Mombo hadi Same joto ni kali na upepo wa ubavuni una nguvu. Kunywa maji kila unaposimama hata kama huna kiu.

Jumanne: Same hadi Namanga, kama kilomita 295. Siku hii nimeifanya fupi kwa makusudi. Moshi na Arusha zina maduka ya vipuri na mafundi wazuri wanaozijua pikipiki hizi, na hitilafu nyingi za maandalizi mabaya hujitokeza kwenye kilomita 500 za kwanza. Weka saa mbili za gereji Arusha hata kama huna tatizo: kaza nati, pima cheni, angalia spoku. Kisha lala Namanga upande wa Tanzania.

Jumatano: mpaka, Nairobi, Naivasha, kilomita 255 hivi. Ukiwa mpakani mapema asubuhi, unaiingia Nairobi baada ya foleni ya watu wa kazini. Pikipiki haziruhusiwi kwenye Nairobi Expressway, ile barabara ya juu ya kulipia, kwa hiyo usifuate ramani ya simu inayokupeleka huko. Kaa chini kwenye Mombasa Road, kisha ingia Southern Bypass karibu na hoteli ya Ole Sereni, itakuzungusha mji na kukutoa upande wa Kikuyu. Asiyetaka malori ya Athi River na Mlolongo aachane na barabara kuu pale Isinya, apite Kiserian na Ngong.

Ukishapita Kikuyu, pale Rironi kuna njia panda. Ya chini inateremka kwenda Mai Mahiu, ya juu inapita Limuru na Kinungi. Mimi nachagua ya juu. Ya chini ni nyembamba, imejaa malori yanayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa na breki za moto, na mvua ikinyesha udongo unashuka barabarani. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliua watu wengi eneo la Mai Mahiu. Ya juu adui yake ni ukungu na baridi. Uko juu ya mita 2,000, na mtu aliyetoka joto la Same jana anaanza kutetemeka mikono. Simama kabla ya Limuru, vaa koti la mvua juu ya jaketi hata kama hakuna mvua. Linakata upepo kuliko sweta mbili.

Hapo pia utaona pikipiki imelegea. Haijaharibika. Kila mita 1,000 unazopanda, injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia kumi ya nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi, na kabureta iliyosetiwa Dar inaendelea kumwaga petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inakuwa nyeusi, sailensa inatoa harufu ya mafuta. Usimruhusu fundi wa njiani abadilishe jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopima petroli. Shuka gia, vumilia, beba plagi moja ya akiba. Ukirudi pwani na jeti ndogo, injini itachemka vibaya.

Makaratasi

Pasipoti, kadi ya homa ya manjano, leseni yenye daraja A, kadi halisi ya usajili wa pikipiki (nakala haitoshi) na bima ya COMESA, ile kadi ya njano ya chombo inayotambulika nje ya nchi, uikate kwa kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Kama pikipiki haiko kwa jina lako, beba barua ya mwenye chombo iliyogongwa muhuri na wakili.

Namanga ni kituo cha pamoja: uhamiaji na forodha wa nchi zote mbili wako jengo moja. Ukishapewa kibali cha kuingiza chombo kwa muda, usiondoke dirishani. Kisome. Linganisha namba ya usajili, namba ya chasisi na namba ya injini, tarakimu kwa tarakimu, na kadi yako. Namba ya chasisi ina herufi na tarakimu 17, na O ikiandikwa badala ya sifuri, wakati wa kurudi karatasi itasema pikipiki iliyoingia Kenya siyo hii unayotoka nayo. Kusahihisha ukiwa bado dirishani ni dakika mbili. Angalia pia tarehe ya mwisho iliyochapwa. Fedha badilisha benki au duka la fedha, siyo kwa wanaokufuata barabarani.

Jambo dogo linalosahaulika: mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019. Nguo zako usizifunge humo. Tumia begi lisilopitisha maji.

Pikipiki yenyewe

Badilisha oili kilomita 200 au 300 kabla ya safari, siyo usiku wa kuamkia safari. Ukimwaga oili leo na kuondoka kesho, bolti ya chini iliyokazwa vibaya itakuonyesha kosa ukiwa Segera. Injini hizi ndogo zinazopozwa kwa hewa hubeba kama lita moja tu, na zikikimbizwa saa nzima kwenye 80 hupunguza oili hata zikiwa nzima. Kwa hiyo kila unapojaza petroli, simamisha pikipiki wima, subiri dakika tano, angalia oili. Beba nusu lita.

Cheni ndiyo inayofelisha safari nyingi, na sababu ni kupimwa mahali pamoja. Cheni haichakai sawasawa. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, zungusha gurudumu la nyuma polepole huku umeshika cheni katikati kwa vidole viwili. Utahisi sehemu inalegea, sehemu inakaza. Pima pale ilipokaza zaidi: isogee milimita 20 hadi 30 juu na chini, ila kitabu cha pikipiki yako kikisema tofauti, fuata kitabu. Ukipima ilipolegea ukaikaza, sehemu ngumu itakuwa kama waya wa gitaa, na mzigo ukikaa nyuma shokapu zikabonyea, cheni itavuta sproketi ndogo (gurudumu la meno la mbele) na kula beringi ya shafti yake. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ikizidi milimita 10, nunua cheni mpya pamoja na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye meno yaliyochongoka haimalizi safari. Ipake oili kila kilomita 300 jioni ikiwa ya moto, siyo asubuhi, ili inywe usiku kucha badala ya kurushwa kwenye rimu.

Tairi: baadhi ya pancha za safari ndefu zinatokana na upepo mdogo chini ya mzigo mkubwa. Tairi inabonyea, inapata moto, tyubu inajisugua ndani. Pima asubuhi zikiwa za baridi, kwa kipimo kilichobandikwa kwenye pikipiki kwa ajili ya watu wawili, kwa sababu mzigo wako ndiye mtu wa pili. Beba tyubu mpya, usitegemee viraka: kiraka cha njiani kinaweza kubanduka lami ikiwa ya moto. Baadhi ya pikipiki za cc 150 zinatumia 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, na kuna tyubu zilizoandikwa saizi zote mbili, basi hiyo moja inakusaidia kokote. Kabla ya kuiingiza, itie upepo kidogo ipate umbo. Tyubu tupu ndiyo inayobanwa na vyuma vya kung'olea tairi na kutoboka kabla haijaguswa na barabara. Na kabla ya hapo pitisha kidole ndani ya tairi taratibu, ukitafuta msumari uliotoboa ya kwanza.

Vifaa vingine vya kubeba ni vyuma viwili vya tairi, pampu ya mkono, spana za saizi ya nati zako tu, waya wa klachi na waya wa mafuta, balbu ya mbele, fyuzi mbili, kiungo cha cheni, chujio jipya la hewa.

Mzigo usizidi kilo 20, na vizito vikae chini, karibu na kiti. Karia iliyobeba kilo 30 nyuma ya ekseli inainua gurudumu la mbele, usukani unakuwa mwepesi na kuyumba ukipita pembeni ya lori, na baada ya kilomita mia kadhaa maungio ya kuchomelea hupasuka.

Naivasha kwenyewe

Kambi nyingi ziko kando ya Moi South Lake Road. Chagua iliyo na uzio wa umeme upande wa ziwa, kwa sababu viboko hutoka kula majani usiku. Hatua za Jumamosi kama Soysambu, Elmenteita na Sleeping Warrior ziko mbele ya Gilgil, ondoka kunapoanza kupambazuka; njia za kuingilia hufungwa mapema kabla ya gari la kwanza. Jumapili Hell's Gate iko karibu zaidi.

Magari ya mashindano yanalia kwa sababu ya fesh-fesh, vumbi la volkano laini kama unga wa sembe, na wewe utakutana nalo kwenye njia za kuingilia. Gurudumu la mbele linazama bila onyo. Usishike breki ya mbele. Simama juu ya vikanyagio, peleka uzito nyuma, shika gia ya pili na acha mafuta yasipungue. Ukipunguza, usukani unajikunja na wewe unaanguka. Mvua ikinyesha unga huohuo unageuka uji, hapo iache pikipiki kwenye lami na utembee.

Jumapili jioni usianze kurudi. Barabara ya Nairobi inajaa magari ya watazamaji, wengi wamechoka na baadhi wamekunywa. Tumia jioni hiyo kwa pikipiki. Weka chujio jipya la hewa, lile la karatasi usilipulize kwa upepo wa gereji kutokea nje, utasukuma vumbi ndani. Cheni ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi kitambaa kitoke safi, ndipo upake oili, kwa maana oili juu ya vumbi la volkano ni sawa na kuipaka msasa. Fungua breki ya nyuma utoe unga uliojaa ndani ya ngoma. Jaza petroli usiku huohuo, na Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi uwe unapanda kuelekea Kinungi.