Je, wajua kwa nini janga lililojaza hospitali liliwanyima madaktari mafunzo?

Hospitali ikifurika, daktari anayesomea ubingwa hupata mazoezi tele na kuiva haraka. Ndivyo nilivyoamini korona ilipopamba moto mwaka 2020, na bado nakutana na watu wanaoamini hivyo. Yaliyotokea Uingereza yanaonyesha kinyume.

Kosa liko kwenye neno "wagonjwa". Ubingwa haujengwi na wingi wao tu; unajengwa na aina za maradhi waliyonayo, na nani anayeshika kisu. Machi 17, 2020, uongozi wa NHS, huduma ya afya ya umma, uliziagiza hospitali za England ziahirishe operesheni zote zisizo za dharura ifikapo Aprili 15, kwa angalau miezi mitatu. Wenye ngiri, wenye magoti yaliyochakaa na wenye mtoto wa jicho wakabaki nyumbani. Vitanda vya wagonjwa mahututi vilijaa, ila hasa kwa ugonjwa mmoja.

Mfikirie kijana anayejifunza kwa fundi cherehani. Mwaka ule mafundi wengi wa Afrika Mashariki walishona barakoa. Kijana alikuwa na kazi asubuhi hadi jioni, lakini mpe kitambaa cha suti aweke kola: mkono haujui. Na suti moja ilipoletwa, fundi aliishona mwenyewe, maana mteja alikuwa mlangoni akisubiri.

Hiyo suti moja ndiyo inayosahaulika. Chukua operesheni ya mtoto wa jicho. Chini ya darubini, daktari hukata tundu la milimita 2 au 3 pembeni mwa konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, huchana duara la kama milimita 5 kwenye utando wa mbele wa lenzi, husaga lenzi iliyofifia na kuifyonza, kisha huingiza ya bandia ikiwa imekunjwa. Utando wa nyuma ni mwembamba kuliko unywele, na ukipasuka mambo huharibika. Kwa hiyo mwanafunzi hapewi kazi nzima. Huanza labda na kuingiza lenzi tu, bingwa akitazama kupitia tundu la pili la darubini hiyohiyo. Akiiweza, huongezewa hatua nyingine. Kwa mtaala wa wakati ule, alitakiwa kufikisha operesheni zisizopungua 350 kabla ya kuhitimu.

Mafunzo ya namna hiyo hula muda. Wakati wa janga, kila dakika ya ziada chumbani iliogopwa na foleni ilikuwa ndefu, basi mara nyingi bingwa alifanya mwenyewe. Operesheni nyingine zilihamishiwa hospitali binafsi, ambako wanafunzi wengi hawakupata nafasi. Ndiyo maana hata wagonjwa waliporudi, mafunzo hayakurudi nao kwa kasi ileile.

Mashine za kuigiza upasuaji zilisaidia kiasi. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020 ulionyesha kwamba kati ya 2009 na 2015, kupasuka kwa utando wa nyuma mikononi mwa madaktari wa macho wa miaka miwili ya mwanzo kulipungua kutoka asilimia 4.2 hadi 2.6, mashine hizo zilipoenea. Lakini wale walikuwa na mashine pamoja na wagonjwa, kwa hiyo matokeo hayo hayathibitishi kwamba mashine peke yake inatosha.

Wapo walionufaika kweli. Waliohamishiwa kwa wagonjwa mahututi walijifunza kuongoza mashine za kupumulia na kumgeuza kifudifudi mgonjwa mwenye mipira mwilini bila hata mmoja kuchomoka. Ni ujuzi mkubwa, ila hauhesabiwi katika zile 350.

Mfumo ulikiri pengo hilo kwa namna inayonivutia sana: kwenye tathmini ya kila mwaka iliongezwa alama mpya, Matokeo 10, kwa ambao maendeleo yao yalikwamishwa na janga, si na uzembe. 10.1 ilimruhusu daktari kusonga mbele na deni lake la mafunzo. 10.2 ilimwongezea muda, mara nyingi kwa kuwa alikuwa ukingoni mwa kuhitimu, mahali ambapo deni haliwezi tena kusogezwa mwaka unaofuata.