Wi-Fi imegoma? Ijaribu simu kabla haijafunguliwa

Simu iliyotumika ikiletwa karakanani kwetu chuoni kwa maelezo kwamba "Wi-Fi imekufa", swali letu la kwanza ni moja: na Bluetooth je? Katika simu nyingi vyote viwili huendeshwa na chipu moja. Vikifa pamoja, na kitufe cha Wi-Fi kikawa cha kijivu hakiwaki, shaka inaelekea kwenye bodi, yaani bamba la saketi lililo ndani ya simu. Wi-Fi ikisumbua peke yake huku Bluetooth inapiga muziki vizuri, usikubali haraka kuchomewa chipu mpya.

Kipimo cha pili hakihitaji hata bisibisi. Iweke simu hiyo pamoja na nyingine nzima karibu na ruta, zishike Wi-Fi ile ile, kisha zibebe zote hadi chumba cha pili. Zikilegea zote, tatizo ni ruta au ukuta. Ikilegea hiyo moja tu, mara nyingi ni antena. Juzi tulifungua simu iliyotoka kubadilishwa kioo: kebo ya antena, nyembamba kama uzi wa kushonea viatu, ilikuwa imelala kando ya kishikizo chake, na kichwa chake ni kidogo kuliko punje ya dengu. Tuliibana kwa kidole, ikalia tik, simu ikapona. Hakuna kifaa kilichonunuliwa.

Halafu kuna saa. Simu iliyolala kabatini hadi chaji ikaisha kabisa huweza kuamka na tarehe ya zamani. Wi-Fi itashika, lakini kurasa hazifunguki, maana vyeti vya usalama vya tovuti hukaguliwa kwa tarehe. Rekebisha saa kwanza, ndipo uweke upya mipangilio ya mtandao. Nywila za Wi-Fi zitafutika, basi ziandike mapema.

Mtandao wa laini ni kesi nyingine. Weka laini ya mwenzako inayofanya kazi, kisha bonyeza *#06#. IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, isipotokea, modemu (sehemu inayoshika mtandao wa laini) au programu yake ina hitilafu. Ikitokea lakini simu haishiki mtandao wowote, huenda imefungiwa tu: hapa Tanzania TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilizima simu zenye IMEI bandia Juni 2016, na hiyo fundi haitibu kwa kubadilisha kifaa.

Wenye iPhone 7 wajue jambo moja. Apple yenyewe ilikiri mwaka 2018 kwamba baadhi ya zile zilizotengenezwa kati ya Septemba 2016 na Februari 2018 zina kijenzi kinachokufa kwenye bodi, zikaandika hakuna huduma hata penye mnara. Hiyo ni kazi ya bodi kweli. Muulize fundi bei kabla hujamwachia simu, kisha ulinganishe na bei ya simu nyingine kama hiyo dukani.