Kuzizima kwa kobe si usingizi, wala si kipupwe

Kinachoitwa "usingizi wa baridi", ambacho mimi nakiita kuzizima, ni hali ambayo kobe wa nchi zenye majira makali ya baridi huingia pale mwili wake unapopoa kwa kufuata hewa ya nje, akaacha kula, akatulia kwa wiki nyingi mpaka joto lirudi. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kilichonifanya niandike ni kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno, na juzi tena kutoka kwa mfugaji wa Morogoro: kobe wake ameanza "usingizi wa kipupwe", hajala siku tisa, naye ameamua kumwacha alale. Maneno hayo mawili, usingizi na kipupwe, hayafai mahali hapo, na anayeumia kwa kosa hilo ni kobe.

Tuanze na kipupwe. Hayo ni majira yetu ya ubaridi, Juni hadi Agosti, ambapo usiku wa Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 19 hivi za sentigredi na watu hujifunika shuka mbili. Kobe anayezizima salama huhitaji nyuzi 5 hivi. Kati ya namba hizo mbili hakuna ujirani wowote. Lugha za Ulaya zenyewe zililitoa neno lao la hali hii, hibernesheni, kwenye Kilatini, hibernare, yaani kupitisha majira ya baridi, na usingizi haumo ndani yake. Mwaka 1965 Wilbur Mayhew, mwanabiolojia aliyechunguza mijusi wa jangwani huko California, alipendekeza kwamba wanyama watambaao wapewe neno lao, brumesheni, kutokana na bruma, ambayo kwa Kilatini ni siku iliyo fupi kuliko zote katika mwaka. Na bruma nayo imetokana na neno lenye maana ya "fupi". Wataalamu wengi hawakumfuata, bado wanatumia hibernesheni kwa wanyama wote, lakini mimi nalipenda neno lake kwa sababu limebeba sababu yenyewe. Mjini Berlin mchana wa Desemba hupungua hadi chini ya saa 8, na kobe wa huko huanza kususa chakula kadiri mwanga unavyopungua na hewa inavyopoa. Dar es Salaam tofauti kati ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa haifiki saa moja. Kwetu hakuna bruma ya kumwambia kobe kitu.

Usingizi nao ni jambo jingine. Anayelala huota, hugeuka, huamshwa na kelele. Kobe aliyezizima moyo wake hupiga mara chache tu kwa dakika, na hawezi kujipasha joto mwenyewe hata akitaka. Kindi wa ardhini wa nchi za kaskazini, ambao nao hupitisha baridi mashimoni, kila baada ya muda huupasha mwili wao joto na kisha hulala usingizi wa kweli, kana kwamba kule kupoa hakukuwapumzisha hata kidogo. Huko Marekani Kaskazini wapo kobe wa maji baridi wanaopitisha miezi chini ya barafu bila hewa, wakitumia madini ya gamba lao kuzimua asidi inayojaa katika damu. Siwezi kuiita kazi hiyo kulala.

Nchini Ujerumani nilionyeshwa kobe wa nchi za Mediterania ndani ya friji ndogo iliyotengwa kwa ajili yake. Alikuwa ndani ya sanduku lenye udongo na majani makavu, shingo imeingia ndani kabisa, gamba baridi kama kokoto ya mtoni. Mfugaji wake alipomgusa mguu wa nyuma, mguu ulirudi ndani polepole sana, na ndivyo alivyojua kwamba yu hai. Mlango ulifunguliwa kila baada ya siku chache ili hewa ibadilike, kipimajoto kilisomwa kila siku, na kila wiki kobe aliwekwa kwenye mizani ya jikoni, kwa kuwa akipoteza asilimia 10 ya uzito wake lazima aamshwe. Akikojoa pia huamshwa, maana maji aliyoyamwaga ndiyo aliyokuwa akiyategemea. Joto likivuka nyuzi 10 anaanza kuchoma akiba yake bure. Likishuka chini ya sifuri, macho yake yanaweza kuharibiwa na baridi. Na kabla ya yote hayo alikuwa amefungishwa wiki mbili hadi nne, huku akiogeshwa maji ya vuguvugu, ili utumbo uwe mtupu, kwa sababu chakula kinachobaki tumboni humwozea humo. Mtu "anayemwacha alale" hafanyi hata moja kati ya haya.

Tena si kila kobe huzizima. Kobe mkubwa wa nyika zetu, mwenye gamba la manjano na madoa meusi (naye ni mnyamapori, hafugwi bila kibali Kenya wala Tanzania), hana hali hiyo. Hata wale wakubwa wa kisiwa cha Changuu, Zanzibar, ambao wa kwanza wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, hula mwaka mzima. Kobe bapa wa miambani hujibana kwenye nyufa wakati wa ukame, lakini huyo anakimbia joto.

Kiswahili kina neno zuri kwa jambo hili, nalo ni kuzizima: kupoa na kutulia, kama maji ya mtungi alfajiri. Kwa hiyo, ndugu yangu wa Morogoro, sema kobe wa Ulaya amezizima, nami nitakuelewa. Wa kwako hajazizima. Mtazame puani kama kuna mapovu, mtazame macho kama yamevimba, msikilize kama anahema kwa mdomo, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwa sababu kobe wa huku asiyekula siku tisa anaumwa.