Machicha ya kahawa yapite kwenye mboji kwanza

Wapenda bustani wengi humwaga machicha ya kahawa shinani mwa mche yakiwa bado mabichi, wakiamini wameweka mbolea. Kazi yangu ni udongo na mboji, na namwomba kila mwenye mazoea hayo ayaache.

Naitrojeni imo kweli, takriban asilimia 2 ya uzito wa machicha makavu. Ila imefungwa ndani ya protini, na mizizi haiwezi kuifyonza mpaka bakteria na kuvu waivunjevunje. Viumbe hao wakipata machicha mabichi huzaliana kwa kasi, na mara nyingi huchukua hata naitrojeni iliyokuwa tayari udongoni. Kwa muda huo mche hukosa chakula, majani ya chini yakageuka manjano.

Na si njaa peke yake. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha majaribio ya machicha yaliyochanganywa moja kwa moja na udongo. Brokoli, figili, alizeti na mimea mingine waliyoijaribu yote ilidumaa, hata pale ilipoongezewa mbolea. Ndiyo maana walishuku kemikali zilizobaki ndani ya machicha, kafeini ikiwa mojawapo. Kwa hiyo yaweke mbali kabisa na vitalu vya mbegu na miche michanga.

Kuhusu tindikali, sehemu kubwa huondoka na kinywaji. Machicha yaliyotumika mara nyingi huwa na pH (kipimo cha tindikali, ambapo 7 ni katikati) inayokaribia 6.5, kwa hiyo usiyategemee kuugeuza udongo uwe wa tindikali.

Kuna tatizo jingine unaloweza kulishuhudia mwenyewe. Tandaza machicha unene wa kidole juu ya udongo, yaache yakauke, kisha mwagia maji kidogo. Chembe zake ni laini mno; zimeshikamana zikawa ganda, na maji yanasimama juu au kutiririka pembeni badala ya kuzama. Ukitaka kuyatumia kama matandazo, nyunyiza tabaka jembamba sana, kisha funika kwa majani makavu au vipande vya magome.

Mahali pake hasa ni kwenye biwi la mboji, na hapo nayapenda kwa dhati. Rangi yake ya kahawia huwadanganya watu wakayahesabu pamoja na majani makavu, kumbe kaboni yake ni kama mara 20 tu ya naitrojeni, sawa na majani mabichi. Yanahitaji mwenzake mkavu: majani yaliyopukutika, maranda, maboksi yaliyochanwachanwa. Karatasi ya kuchujia nayo tia humo humo. Machicha yasizidi sehemu moja kati ya tano za biwi lote, na yachanganye vizuri, maana yakikaa donge moja hukosa hewa na kuanza kunuka. Geuza biwi mara kwa mara, liwe na unyevu bila kuchuruzika. Mboji ikiiva, huwezi tena kuyatambua machicha kwa jicho wala kwa pua. Hapo ipeleke kwenye mimea bila wasiwasi.

Nyungunyungu pia huyala, ila wape kidogo kidogo pamoja na mabaki mengine ya jikoni. Na kama una mbwa, biwi liwe na mfuniko au uzio. Kafeini ni sumu kwake, na machicha bado yanayo.