Dhana potofu kuhusu vitabu vya madhalimu, kwa wanaopenda maadui wa gemu

Kwenye vibanda vya gemu vya Dodoma, Majengo mpaka Nkuhungu, wapo wanaomshangilia adui kuliko stelingi. Siwalaumu. Shao Kahn wa Mortal Kombat akinyanyuka kwenye kiti chake na ile nyundo, hakuna anayemwangalia mwingine. Na wakishasikia kwamba Caesar wa Fallout: New Vegas alijenga jeshi lake kwa kuiga aliyoyasoma kwenye vitabu vya historia ya Roma, baadhi yao huanza kutafuta vitabu vya watawala madhalimu. Shida ni kwamba kabla hawajafungua ukurasa wa kwanza, wameshajazwa maneno ya kusikia.

"Machiavelli anafundisha ukatili"

Hii ndiyo inayosemwa zaidi. Machiavelli, Mtaliano, aliandika Il Principe, yaani Mtawala, kitabu cha ushauri kwa watawala, mwaka 1513, akiwa amefukuzwa kazi serikalini Florence, akatiwa ndani na kuteswa kwa kuning'inizwa kwa kamba. Kitabu kilichapishwa mwaka 1532, miaka 5 baada ya kifo chake. Ule msemo kwamba lengo huhalalisha njia, ambao kila mtu humbandika yeye, haumo humo kwa maneno hayo. Kilichomo ni kwamba mtawala akishindwa kupata vyote viwili, ni heri aogopwe kuliko apendwe. Wanaokariri huishia hapo. Mwenyewe anaendelea: uogopwe, ila usichukiwe, na ili usichukiwe, usiguse mali za watu wala wake zao, maana mtu husahau kifo cha baba yake upesi kuliko kunyang'anywa urithi. Aliyeshuhudia ugomvi wa viwanja hapa mjini tangu serikali ihamie hatahitaji maelezo.

Kuna kisa kimoja humo ambacho mpenzi wa gemu hatakisahau. Cesare Borgia, mtawala wa enzi hizo, aliteka Romagna, eneo la Italia lililojaa wizi na visasi, akamkabidhi mtu mkali aitwaye Remirro de Orco ainyooshe. Remirro akainyoosha kweli, kwa mkono wa chuma. Watu walipoanza kumchukia, Borgia akaona chuki hiyo itamrudia mwenyewe. Asubuhi moja mwishoni mwa mwaka 1502, Remirro akakutwa uwanjani Cesena, amekatwa vipande viwili, kando yake gogo na kisu chenye damu. Machiavelli anasema watu waliridhika na wakati huohuo wakabaki wameduwaa. Yaani yule waliyemdhania ndiye bosi wa mwisho alikuwa mtumishi tu, na aliyemtuma akavuna shukrani.

"Dhalimu ni mtu mmoja mwenye nguvu kuliko wote"

Gemu zinahitaji iwe hivyo, la sivyo utapigana na nani mwishoni? Lakini Étienne de La Boétie, Mfaransa wa karne ya 16 aliyefariki mwaka 1563 akiwa kijana bado, aliuliza swali la kukera: huyu mnayemwogopa ana macho mawili na mikono miwili kama nyinyi, hiyo mikono mingine anayowakamatia ameitoa wapi kama si kwenu? Jibu lake ni mnyororo. Watu watano au sita wanamnong'oneza mtawala na kugawana naye. Chini yao wapo 600 wanaofaidi kwao. Chini ya hao, 6,000 waliopewa vyeo na makusanyo. Ukiuvuta mnyororo huo, unafika hadi mlangoni kwa mtu wa kawaida kabisa.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliimiliki Kongo kama mali yake binafsi kuanzia 1885 mpaka 1908, na hakuwahi kukanyaga huko hata siku moja. Adam Hochschild ameandika habari zake katika kitabu cha mwaka 1998, King Leopold's Ghost. Askari waliotumwa kulazimisha watu kukusanya utomvu wa mpira walidaiwa hesabu ya kila risasi, na ushahidi kwamba haikupotea bure ulikuwa mkono uliokatwa. Aliyefichua mengi ni mfanyakazi wa kampuni ya meli, E. D. Morel. Aliangalia mizigo bandarini Antwerp: meli zinaingia na mpira na pembe, zinarudi Kongo na bunduki na risasi, bidhaa za kulipia mpira huo hazionekani. Akajua kuna watu wanafanyishwa kazi bure. Mimi kwenye kitabu kile Leopold hanitishi kama zile hesabu za risasi.

"Mshindi huteketeza kila kitu"

Wamongolia waliteketeza miji, hilo halina ubishi. Lakini walipotaka kuigeuza China ya kaskazini kuwa malisho, mshauri wao Yelü Chucai alimwonyesha mtawala wao, Ögedei, ni kiasi gani cha fedha, hariri na nafaka kingepatikana kwa kodi, na mpango wa malisho ukaachwa. Hapa Ugogo pia, karne ya 19, watemi hawakuhitaji kuangamiza misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Misafara ikishavuka nyika kavu ya Marenga Mkali ikiwa hoi kwa kiu, maji yalikuwa ya watemi, na msafara ulitoa hongo, yaani ushuru wa njia, wa vitambaa, shanga na nyaya ndipo upite.

Sun Tzu, Mchina wa kale aliyeandika kuhusu mbinu za vita, naye husifiwa na wapenda vita, wakati anasema ushindi bora ni ule usiopiganiwa, na kushambulia mji wenye kuta ndilo jambo la mwisho kabisa. Na wale wanaosema kaizari wa Roma Caligula alimpa farasi wake cheo kikubwa cha konsuli, farasi huyo hakuwahi kukipata. Suetonius, mwandishi wa Kirumi aliyeandika miongo mingi baadaye, anasema tu kwamba ilisemekana alikusudia kumpa cheo hicho.

"Kiswahili hakina vitabu vya namna hii"

Nyerere alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari, ikatoka 1963. Wengi hudhani ni habari za dhalimu kuuawa. Kaizari anakufa katikati, na kinachobaki kinatisha zaidi: umati unamkamata mshairi Cinna, anajitetea kwamba yeye si yule Cinna muuaji, nao wanaamua kumrarua kwa sababu ya mashairi yake mabaya. Shamba la Wanyama la Orwell lilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere, 1967.

Ila kama unaanza, shika Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Adui wake, Waziri Majivuno, hapigani na mtu. Ana cheo, ulimi na baraza la kumsikiliza, na anamshtaki Karama kwa kutaka watu wajifunze sheria. Karama anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi mema, wakarudi na kutupwa gerezani. Ni kitabu chembamba, na hakina jina la Kitaliano la kukukwamisha.