Umeamka jua limeshatoka? Alfajiri inaswaliwa hapohapo

Kuna kauli imezoeleka sana, kwamba ukipitiwa na usingizi jua likachomoza basi subiri uilipe alfajiri pamoja na adhuhuri, au kesho na alfajiri nyingine. Jamani sio hivo. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba aliyelala au akasahau swala aiswali pale anapokumbuka, hakuna kafara zaidi ya hiyo.

Na yeye mwenyewe yalimkuta. Yeye na maswahaba zake walikuwa wanarudi kutoka Khaybar, kaskazini mwa Madina, wametembea usiku wamechoka, wakapumzika na swahaba wake Bilal akaachiwa kazi ya kukesha awaamshe, basi Bilal akaswali alichojaaliwa, alfajiri ilipokaribia akaegemea mnyama wake akiangalia kule kunakopambazuka na usingizi ukamchukua palepale, kilichokuja kuwaamsha wote ni jua. Bilal akamwambia Mtume kilichoishika nafsi yako ndo kimeishika yangu. Wakasogea mbele kidogo, wakatawadha, ikakimiwa (wito wa kusimama kuswali), wakaswali. Adhuhuri haikungojwa kabisa, na mimi hiki kisa kila nikikisoma kinanipa moyo sana.

Kwa Mahanafi, yaani wanaofuata madhehebu ya Imam Abu Hanifa, ukiamka jua ndo linachomoza unangoja lipande kidogo, kama dakika 15 hivi, ndo unaswali. Ila sio kungoja mpaka adhuhuri.

Na hii nafuu ni ya aliyepitiwa kweli. Anayesikia alamu akaizima makusudi ana dhambi ya kutubia, na wanazuoni wengi wanasema bado swala anadaiwa, kwahiyo naye akiamka atawadhe aswali.