Anza na ukingo: namna ya kusoma birika la ubatizo la zama za kati

Anayeingia katika kanisa la kale la parokia nchini Uingereza kwa kawaida hulikuta birika la ubatizo, yaani chombo kikubwa cha jiwe cha maji ya kubatizia, karibu na mlango, upande wa magharibi, kwa kuwa ubatizo ndio uliomwingiza mtu katika Kanisa. Wageni wengi huinama papo hapo kutazama nakshi za ubavuni. Mimi ninayeyachunguza mawe haya kwa kazi huanza na ukingo wa juu, kwa sababu nakshi hueleza alichokusudia mchongaji, ilhali ukingo hueleza yaliyolipata birika tangu siku hiyo.

Ukipitisha kidole juu ya ukingo huo, mara nyingi utagusa sehemu mbili zinazokabiliana ambapo jiwe limemeguka au limezibwa kwa kipande kipya, na pengine bado pana kisiki cha chuma kilichoshikizwa kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Hapo ndipo kifuniko kilipofungiwa. Maji yalibarikiwa katika mikesha ya Pasaka na Pentekoste, yakaachwa birikani kwa majuma kadhaa, na palikuwa na hofu kwamba watu wangeyachota kwa siri ili kuyatumia katika uchawi. Ndiyo maana mwaka 1236 Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafunikwe na kufungwa kwa kufuli. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe. Tena vyuma hivyo vilipong'olewa baadaye, viliondoka na vipande vya ukingo. Kwa hiyo nikikuta birika lenye nakshi za karne ya 12 ambalo ukingo wake hauna hata kovu moja, hushuku kwamba mafundi wa karne ya 19 walilichonga upya, jambo walilolifanya mara nyingi kuliko waumini wa leo wanavyopenda kusikia.

Ndani ya bakuli aghalabu pametandikwa risasi, maana mawe mengi hunyonya maji, na chini pana tundu linaloyapeleka maji ardhini, ili yaliyobarikiwa yasimwagwe ovyo. Upana wa bakuli nao una sababu: mtoto mchanga alizamishwa majini, hakunyunyiziwa tu.

Nakshi zenyewe sizidharau hata kidogo. Birika la Bridekirk, huko Cumbria, la karne ya 12, lina maandishi ya runi, herufi za kale za Ulaya ya kaskazini, katika Kiingereza cha wakati huo yanayosema kwamba Richard ndiye aliyelitengeneza, na kando yake kachongwa fundi mwenye nyundo na tindo akilichonga jani. Ni nadra sana fundi wa mawe wa karne hiyo kujitaja kwa jina, sembuse kujionyesha kazini. Mabirika mengine yalivuka bahari: lile la Kanisa Kuu la Winchester, lenye visa vya Mtakatifu Nikolasi, ni la jiwe jeusi kutoka Tournai, katika Ubelgiji ya leo.

Katika karne ya 15 mikoa ya Norfolk na Suffolk ilibuni mtindo wake. Birika lina pande nane. Saba zinaonyesha sakramenti, yaani ubatizo, kipaimara, ekaristi, kitubio, mpako, daraja na ndoa, na upande wa nane mara nyingi huwa na ubatizo wa Kristo au kusulubiwa kwake. Yamesalia takriban 40, na lile la Westhall bado lina mabaki ya rangi zake. Kwa mtafiti wa mavazi na desturi za ibada, sijui hazina nyingine ya mawe inayoyakaribia. Hata hivyo, katika mengi ya mabirika hayo nyuso zimekatwa, kwa kuwa Waprotestanti wenye msimamo mkali waliona sanamu kuwa ni ushirikina.

Mwaka 1645 Bunge lilipitisha utaratibu mpya wa ibada uliokataza kubatizia mahali pale pa kale, na mabirika mengi yakatupwa nje au nafasi yake ikachukuliwa na beseni la kawaida. Ufalme uliporejeshwa mwaka 1660, parokia zilizobomoa ya kwao zilichonga mapya, mengine yakiwa na mwaka uliochorwa ubavuni. Nyingine zilirudisha ya zamani, na yapo yaliyokuja kuokolewa muda mrefu baadaye kutoka viwanja vya mashamba, ambako mifugo ilikuwa ikinywea maji.